Sahani za Kuazima: Uchambuzi wa Onyesho la Posa katika Kichekesho cha Televisheni, Mombasa

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinahusu sehemu moja ya kichekesho cha nusu saa kilichotengenezwa Mombasa na kundi dogo la waandishi na waigizaji, kwa ajili ya kituo cha televisheni kinachotazamwa nchi nzima. Jina la kundi, la kituo, la msururu wenyewe na la mtaa uliorekodiwa yameondolewa, na mambo madogo ambayo yangewatambulisha wahusika yamegeuzwa. Tumekiandika kwa ajili ya waandishi wa mswada, waelekezi, na walimu wanaotumia tamthilia za televisheni kufundishia utamaduni.

Jambo tunalolishikilia ni moja. Ukitaka kujua jamii inathamini nini, usisikilize nasaha wanazopeana wahusika mwishoni mwa kipindi. Tazama ruhusa ya kucheka: nani anaweza kumcheka nani, mbele ya nani, na kwa maneno gani. Ruhusa hiyo ikikosewa, hadhira hunyamaza hata kama mzaha wenyewe umeandikwa vizuri.

Usuli

Mkataba ulikuwa wa sehemu 13. Kila sehemu ilipaswa kuwa na dakika 24 za mchezo, na dakika 6 zilizosalia za nusu saa ni za matangazo. Kwa kadirio la kawaida la ukurasa mmoja kwa dakika, mswada haukuruhusiwa kupita kurasa 24. Waandishi walikuwa watatu, waigizaji wa kudumu saba, wengi wao waliotoka kwenye michezo ya jukwaani na ya redio.

Msururu ulihusu familia ya Waswahili inayokaa nyumba ya urithi Mji wa Kale. Bwana nyumba ni karani mstaafu wa bandari, mtu wa kujipenda na mwenye moyo mwema, ambaye mfuko wake haulingani na maneno yake. Yuko mkewe. Yuko Bi Mkubwa, mamake bwana nyumba, ambaye ndiye mwenye nyumba hasa. Yuko binti wa kuozwa, na nduguye wa miaka tisa. Yuko Mjomba, kaka wa mke, aliyekuja kukaa wiki moja akabaki. Na yuko kijana wa bodaboda kutoka bara, anayeleta na kupeleka vitu kila siku.

Watazamaji wa Kenya waliokitazama kipindi hiki walikuwa wamelelewa na mapokeo fulani. Vitimbi na Vioja Mahakamani, vipindi vya vichekesho vya shirika la utangazaji la taifa, vilifundisha vizazi kucheka lafudhi: Kiswahili cha Mluhya, cha Mkamba, cha Mjaluo, kila kimoja na ladha yake. Mzee Ojwang' wa Vitimbi alikuwa Benson Wanjau, ambaye hakuwa Mjaluo, na bado alipofariki mwaka 2015 nchi nzima ilimlilia. Suala hilo la lafudhi tutalirudia, kwa sababu ndilo lililowashinda kundi hili.

Kituo kilitoa masharti matatu. Kiswahili kieleweke Kisumu na Nyeri. Kicheko cha kurekodiwa kiwekwe. Na bwana nyumba, kwa kuwa ni Mpwani, aongezewe uvivu: aseme polepole, alale mchana. Sharti la kwanza lilikubaliwa. La tatu lilikataliwa siku ile ile, na sababu aliyoitoa mwandishi mkuu ilikuwa ya kazi tu: mtu anayelala hana anachokitafuta, na mhusika asiyetafuta kitu hachekeshi zaidi ya dakika mbili. La pili lilibaki likibishaniwa hadi siku ya kukabidhi kazi.

Mswada wa kwanza

Sehemu ya nne ilikuwa ya posa. Katika nyumba nyingi za Waswahili wa Mombasa, wanawake hutangulia kuulizia kimya kimya. Wakiona kuna dalili ya kukubaliwa, ndipo wazee wa kiume wanakuja rasmi, na mambo ya mahari, kilemba cha baba na mkaja wa mama (zawadi wanazopewa wazazi wa binti) yakazungumzwa. Siku hiyo nyumba ya upande wa binti hutaka kuonekana imejaa. Bwana nyumba wetu hana cha kuijaza. Anaazima kwa jirani sahani dazeni mbili, sinia nne, dele la kahawa na zulia la sebuleni.

Mzaha mkubwa uliwekwa ukurasa wa 19. Wageni wamekaa, wamekula sambusa, wameletewa halua. Bwana nyumba anasifu sahani zake kuwa ziliteremshwa na meli moja kwa moja kutoka ng'ambo. Mtoto wa miaka tisa anasema kwa sauti ya juu: "Baba, lakini hizi si sahani za kina jirani?" Bwana nyumba anashikwa na kikohozi, mtoto anaburutwa nje, wageni wanatazamana.

Kwenye karatasi, mzaha huu hauna kosa. Mtoto asiyejua kusitiri ukweli ni chombo cha zamani cha vichekesho duniani kote, na waandishi wote watatu walicheka walipousoma.

Jioni ya majaribio

Kabla ya kurekodi, kundi lilikuwa na desturi ya kuisoma kila sehemu mbele ya watu wapatao ishirini, walioalikwa makusudi ili umri na jinsia vichanganyike: wanawake watu wazima, wazee wawili au watatu wa mtaa, vijana wa chuo, madereva wa tuktuk. Mwandishi mmoja hakuangalia waigizaji kabisa. Kazi yake ilikuwa kukaa pembeni na mswada, kuandika kando ya kila mstari nani kacheka.

Kwa sehemu ya nne, karatasi yake ilionyesha kicheko kizuri mpaka ukurasa wa 18. Ukurasa wa 19 vijana walicheka. Watu wazima hawakucheka. Wanawake waliokaa mbele waliinamisha macho, mmoja akavuta mtandio ukamfunika mdomo, na hakuuteremsha mpaka onyesho lile likapita. Mzee mmoja aliinuka akaenda kutia wudhu wakati adhana ilikuwa bado. Walipoulizwa baadaye, jibu lililowasaidia zaidi waandishi lilitoka kwa mama mmoja: "Mbona mwamvua mtu nguo mbele ya wakweze?"

Angalia hakulalamika juu ya mada. Hakusema umaskini usichekwe, wala kwamba kuazima ni aibu. Kila aliyekuwa pale alishawahi kuazima sahani au kuazimwa. Kilichomuumiza ni mpangilio: baba, mwanawe mwenyewe, na wakwe, mahali pamoja, kwa wakati mmoja. Hapo kumevunjwa heshima ya mzazi na sitara ya nyumba kwa sentensi moja. Kichekesho kilikuwa kinamwomba mtazamaji ashiriki kuivunja.

Maamuzi na sababu zake

Mwelekezi alitaka kubadilisha msemaji tu: badala ya mtoto, aseme Mjomba. Wazo hilo lilitupwa haraka. Shemeji ana ruhusa ya utani, lakini ruhusa hiyo huishia mlangoni. Mbele ya wakwe, shemeji anayefichua siri ya nyumba ni msaliti.

Waliamua kwamba siri ijulikane bila mtu yeyote kuitamka. Kwa hilo walihitaji kitu cha kuonekana kwa macho, na kitu hicho kilikuwepo katika kila jiko la mtaa ule: alama ya chini ya sahani. Nyumba zinazoazimana vyombo kwa harusi, khitma na maulidi hutia alama chini ya kila chombo, mara nyingi kwa rangi ya kucha, ili kazi ikiisha kila mmoja atambue chake kwenye lundo. Mwandishi mmoja alikwenda kwenye nyumba tano akapiga picha matako ya sahani. Alikuta nukta, herufi, mikato miwili, nusu mwezi.

Kisa kikasukwa upya hivi. Jirani anaazimisha sahani 24. Ni 12 tu zilizo zake. Nyingine 12 yeye mwenyewe aliziazima kwa khitma miezi iliyopita, akapitiwa hakuzirudisha, na mwenye nazo ni mama wa mvulana anayeposa. Jirani anaposikia wageni wa leo ni nani, anakuja mbio aziopoe kabla mwenyewe hajaziona. Lakini wageni wako ndani, na hawezi kusema alichokijia. Akisimama kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, sauti ikifika sebuleni waliko wanaume, anasema kwa fumbo:

"Nimekuja kuwaangalia wanangu. Wako hapa tangu alfajiri, ishirini na wanne."

Bi Mkubwa, kutoka ndani: "Wote wazima. Hapana aliyevundika."

"Kumi na wawili kati yao si wangu, ni wa watu. Hao ndio nawataka kwanza."

"Hao ndio walio mbele ya wageni sasa hivi."

Sebuleni kimya. Kisha mzee wa upande wa mvulana anatikisa kichwa kwa huruma na kumwambia bwana nyumba kwamba kulea watoto wa watu kuna thawabu kubwa.

Mzaha huu ulipita kwa kishindo katika jaribio la pili, na inafaa kueleza kwa nini. Wanawake wa pande zote mbili wanaelewa fumbo, wanaume hawaelewi, na mtazamaji anaelewa zaidi ya wote. Anayechekwa ni mzee wa wageni, lakini anachekwa akiwa katika wema wake: amesikia habari ya ajabu na kitu cha kwanza kilichomjia ni kuisifu. Hakuna aliyevuliwa nguo.

Ndipo inapokuja dakika ya 19. Ndani, kwa wanawake, mama wa mvulana anamaliza halua yake. Anainua sahani kuipitisha kwa mwenziwe, na alama ya chini inamwelekea. Ni alama yake. Anaitazama. Bi Mkubwa anamwona anavyoitazama. Mke wa bwana nyumba anafumba macho. Mama wa mvulana anaiweka sahani taratibu, anajipangusa vidole kwa pembe ya leso, na anasema:

"Sisi na nyinyi vyombo vimeshatangamana, wamesalia wana tu."

Posa imekubaliwa hapo hapo, tena na wanawake, kabla wanaume hawajamaliza kutaja kilemba.

Kwa maoni yetu, sentensi hii ina uzito kuliko sehemu zote 13. Mama yule ana silaha mkononi. Anaweza kumuaibisha jirani mwizi wa sahani na familia ya kujionyesha kwa pigo moja. Anachagua kusitiri, na kusitiri kwake ndiko kunakochekesha, kwa kuwa anafanya hivyo huku akiwajulisha wazi kwamba amejua.

Kulikuwa na wazo jingine lililoachwa njiani: fumbo la jirani liletwe na leso. Mombasa ni mji wa leso, yaani kanga, nguo yenye maneno yaliyochapwa. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lenye chapa ya Mali ya Abdulla, lilianza mwaka 1887, na hakuna mwanamke wa mtaa asiyejua kumjibu mwenzake kwa kuvaa tu. Lakini kwenye kamera leso ilikataa. Maneno yako karibu na upindo wa chini. Ikifungwa kiunoni yanaangukia nyuma, mikunjo inameza herufi mbili tatu, na mwigizaji anapotembea hakuna linalosomeka. Walijaribu kuibana kwa pini na kumsimamisha ametupa mgongo. Ikasomeka, ila mwigizaji akawa kama bango. Ikaondolewa, na nadhani iliondolewa kwa haki: maneno yanayosomwa kwenye skrini ya simu yanahitaji kukaa tuli muda wa mtu kuyasoma mara mbili, na mwendo wa onyesho haukuwa na nafasi hiyo.

Kuhusu lugha, kanuni waliyoifuata ni rahisi na inafaa kuigwa. Bi Mkubwa na jirani walisema Kimvita, lahaja ya Mombasa. Neno la Kimvita lilibaki pale muktadha unapolieleza, kama "aliyevundika", yaani aliyevunjika. Liliondolewa pale ambapo mtu wa bara angesikia jambo jingine kabisa. "Kuteka" kwa maana ya kucheka liliondoka, kwa sababu kwa Mkenya wa leo neno hilo linaleta picha ya watu kukamatwa.

Kicheko cha kurekodiwa kilikataliwa kwa hoja ambayo hatimaye mhariri wa kituo aliikubali. Kicheko kile ni sauti ya umma. Kikiwekwa juu ya uso wa bwana nyumba anapohangaika, kinatangaza kwamba mji mzima uko sebuleni unamcheka mzee mbele ya wakwe. Wangepoteza walichokitengeneza kwa wiki tatu.

Jambo la mwisho lilikuwa tarehe. Ratiba ya kituo iliiweka sehemu hii katikati ya Ramadhani, mara baada ya taarifa ya habari ya saa moja. Wakati huo watu wametoka kufuturu na wanajiandaa kwa Isha na tarawehe, ndoa hazifungwi kwa wingi, na onyesho lenye halua na taarabu lingekaa vibaya. Mwezi huo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka kwenye kalenda ya kawaida, kwa hiyo mpangaji wa ratiba anayenakili mpango wa mwaka jana hukosea. Kundi liliomba sehemu ya nne na ya saba zibadilishane nafasi. Likakubaliwa, na posa ikaonyeshwa baada ya Idd.

Kurekodi

Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio huamua upana wa chumba, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, mara nyingi chini ya mita tatu. Kamera tatu haziingii. Walitumia mbili, moja kila ncha ya chumba, kila moja ikikwepa kuiona nyingine. Lenzi pana walizijaribu wakaziacha kwa sababu nyuso za waliokaa pembeni zilivutika.

Sauti ilikuwa kazi zaidi ya picha. Maikrofoni za kubandika zilishonwa ndani ya buibui na kanzu, kwani mtandio ukisugua maikrofoni mstari wote umepotea. Feni zilizimwa, na kwa joto la pale mwigizaji hakai zaidi ya dakika kumi bila kufutwa jasho. Ratiba ya siku ilipangwa kwa kufuata adhana, kwa kuwa misikiti iko karibu karibu na huadhini kwa kupishana: acha robo saa nzima, usidhani dakika tatu zitatosha. Kwa kunguru hapakuwa na ratiba. Mistari ya daka ilirekodiwa upya usiku.

Alama ya sahani iliharibika mara ya kwanza. Walitumia rangi ya kucha nyekundu, kama ilivyo majumbani. Chini ya taa za manjano ikaonekana kama tone la mchuzi, na waliotazama picha ya awali walidhani mama wa mvulana ameona sahani chafu. Maana ya onyesho ikageuka kabisa: ikawa dharau. Wakaibadilisha ikawa buluu ya rangi ya mafuta, mikato miwili na nukta, kubwa mara mbili ya ile ya kweli.

Pia walilazimika kumfundisha mtazamaji kuisoma. Dakika ya 3, Bi Mkubwa anamwonyesha mjukuu wake namna ya kutia alama vijiko: "Chombo kisicho alama hakirudi." Dakika ya 11, jirani anapokabidhi sahani, anageuza mbili, moja ina nukta ya waridi, nyingine mikato ya buluu, na anasita kidogo. Kwa hivyo dakika ya 19 mtazamaji hahitaji kuelezwa. Picha ya karibu ya alama ilikaa sekunde moja katika uhariri wa kwanza. Kwenye televisheni kubwa ilitosha; kwenye simu watu waliikosa. Ikafanywa sekunde mbili na nusu, na kimya kinachofuata, kabla mama hajasema, kikaachwa sekunde nne. Mhariri wa picha alikipunguza mara mbili akidhani ni kosa. Mwelekezi akakirudisha mara mbili.

Matokeo

Sehemu ilipewa daraja la GE na bodi ya kuainisha filamu, yaani kutazamwa na watu wa rika zote, kwa hiyo haikuwa na shida ya kuonyeshwa kabla ya saa 4 usiku, muda ambao kanuni za utangazaji hulinda watoto. Ilionyeshwa bila kicheko cha kurekodiwa.

Kule Mombasa sehemu hii ilipokelewa kwa furaha. Sentensi ya mama wa mvulana ilianza kusikika kwenye posa za kweli, ikisemwa na watu ambao pengine hawakuona kipindi. Mhariri wa kituo alisema mwisho hauna mlipuko, na kutoka bara maoni kadhaa yalikuwa ya namna hiyo: kwamba walitegemea ugomvi wa sahani. Vijana wa jaribio la kwanza, walioupenda mzaha wa mtoto, waliona toleo la pili ni zuri ila la polepole.

Kisha likatokea ambalo kundi halikulitarajia. Katika sehemu hiyo hiyo, dakika ya 6, Mjomba anamzuia kijana wa bodaboda mlangoni, anaigiza lafudhi yake, na kumwambia nyumba hii leo haina nafasi ya watu wa kuja, yaani wasio wenyeji. Kijana anashusha zulia, anaondoka. Kituo kilikata sekunde hizo kikazitumia kama tangazo la kipindi. Tangazo likasambaa kwenye simu peke yake, na maneno ya Mjomba yakaanza kutupiwa wanabodaboda wa kweli stejini. Kundi liliomba liondolewe. Ilichukua wiki.

Uchambuzi

Kilichofanya onyesho la sahani lifanye kazi ni kwamba waandishi walichukua ule ukimya wa watu wazima kama habari. Ingekuwa rahisi kusema wazee hawajui kucheka. Waliuchunguza mstari kwa mstari wakakuta mpaka wenyewe uko wapi: kujionyesha kwa bwana nyumba kunachekwa, na kulichekwa mpaka ukurasa wa 18, kuazima kunachekwa, kusahau kurudisha kunachekwa sana. Kumfichua mtu mbele ya wale anaotaka wamheshimu, hakuchekwi. Mpaka ukishajulikana, unakuwa chanzo cha mzaha, kwa kuwa kila mtu ndani ya nyumba ile anajitahidi usivukwe, na jitihada hiyo ndiyo inayochekesha. Jirani anahesabu "watoto", Bi Mkubwa anajibu kwa uso mkavu, mama wa mvulana anageuza aibu kuwa udugu. Hao wote ni watu wanaofanya kazi ngumu ya kulindana.

Hili pia linaeleza kwa nini mhariri aliona mwisho hauna mlipuko. Aliyezoea vichekesho ambavyo siri lazima ipasuke anangoja mpasuko. Hapa siri inajulikana na kila mtu na bado haipasuki. Kwa mtazamaji wa Mombasa hilo ni ushindi mtamu. Kwa mwingine ni hadithi iliyokatika. Sidhani kundi lingeweza kuwaridhisha wote, na walifanya vyema kuchagua.

Tusijidanganye kwamba maadili hayo hayana gharama. Sitara hiyo hiyo inayomwokoa bwana nyumba inamwacha jirani bila kuambiwa neno, na sahani za watu amekaa nazo miezi. Waandishi walikuwa na nafasi ya kuligusa hilo katika dakika tano za mwisho na hawakuligusa. Mjini watu wanajua vizuri kwamba sitara huweza kumfunika pia anayekosea, na kipindi kingekuwa na nguvu zaidi kama Bi Mkubwa angempelekea jirani ujumbe, hata kwa fumbo, baada ya wageni kuondoka.

Suala la bodaboda ni zito zaidi. Waandishi walikusudia Mjomba achekwe: mgeni wa kudumu anayemwita mwingine mtu wa kuja. Ni kejeli halali. Lakini hadhira haifuati nia ya mwandishi. Mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha utafiti juu ya kichekesho cha Marekani All in the Family, ambacho mhusika wake mkuu, Archie Bunker, aliandikwa ili ubaguzi wake uonekane wa kipuuzi. Walikuta kwamba watazamaji wenye chuki zaidi walielekea kumpenda Archie kuliko mkwewe anayebishana naye, na kuona Archie ndiye anayeshinda mabishano. Kila mtu alicheka, ila si kwa jambo moja.

Sasa linganisha na Mzee Ojwang'. Lafudhi yake ilichekwa miongo mingi, lakini alikuwa baba mwenye nyumba, kisa kilimzunguka yeye, na alikuwa na mdomo wa kujibu. Kijana wa bodaboda hakuwa na hata kimoja. Alipewa lafudhi na zulia la kubeba. Utani wa kweli, ule wa babu na mjukuu au shemeji na shemeji, una sharti moja lisilovunjwa: mtaniwa hujibu. Palipo na mmoja wa kusema na mmoja wa kushusha mzigo, hakuna utani. Kundi lililokuwa makini hivyo kuhusu heshima ya bwana nyumba halikumpimia kijana huyu kwa kipimo hicho hicho, na sababu yake ni ya wazi: kwenye jioni za majaribio walialika mama, wazee, wanachuo na madereva wa tuktuk wa mtaa ule. Hawakualika mtu mmoja aliyetoka bara.

Katika sehemu zilizosalia kurekodiwa walirekebisha mambo matatu. Wanabodaboda wawili waliohamia Mombasa waliingizwa kwenye majaribio. Kuanzia sehemu ya tisa Bi Mkubwa anamwita kijana "mjukuu wangu", na kwa neno hilo anampa haki ya utani ndani ya nyumba; anaitumia kumjibu Mjomba kwa Kiswahili chake mwenyewe, na lafudhi haibadiliki. Na katika mkataba wa msururu uliofuata kuliandikwa kifungu kwamba kipande chochote cha tangazo chenye mzaha wa kabila, lafudhi au mahali mtu atokako lazima kiwe na jibu lake ndani, bila kukatwa.